Maumbo na Vipimo kwa Alama za Barabarani: Niliyoyaona TP

"Hii siyo pembetatu, Mwalimu. Hii ni ya kupisha."

Aliyesema hivyo ni msichana wa Darasa la Tano, dawati la nyuma kabisa, wiki yangu ya pili ya TP. Nilikuwa nimechora ubaoni alama mbili za barabarani. Ya kwanza ilikuwa ya tahadhari, ncha moja ikitazama juu. Ya pili ilikuwa ile inayomwambia dereva awapishe wengine, ncha ikitazama chini. Swali langu lilikuwa rahisi: maumbo haya yanaitwaje? Kwenye andalio la somo nililipa dakika tatu. Nilitegemea wote 87 waimbe "pembetatu!" halafu tusonge mbele kwenye pembe.

Darasa likagawanyika. Wengi walikubali ile ya kwanza tu. Ya pili wengine waliiita "pembetatu ya kichwa chini", wengine "koni", na mmoja akasema ni pembetatu ila imekosewa. Yule msichana hakutikisika. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni: ya juu inasema angalia mbele kuna hatari, ya chini inasema ngoja wenzako wapite. Zinawezaje kuwa kitu kimoja?

Kusema kweli sikuwa na jibu la kuridhisha siku ile. Nilifanya tunachofanya wengi tukibanwa: nilisema "zote zina pande tatu, andikeni", kengele ikagonga, nikatoka.

Sisi wa elimu tumeandika sentensi ile mpaka imekuwa kama sala: zana za kufundishia zitokane na mazingira ya mwanafunzi. Ndiyo maana nilichagua alama za barabarani. Ni za bure, zipo nje ya geti, mtoto anaziona kila asubuhi, na kweli zimejaa hisabati: duara, pembetatu, mraba, mstatili, pembenane, namba za kilomita. Ambacho sikukifikiria ni kwamba zana ya kutoka kwenye mazingira haiji mikono mitupu. Inakuja na maana yake tayari, na maana hiyo inaweza kugombana na somo lako. Kwenye jiometri, ukiligeuza umbo halibadiliki. Barabarani, ukiligeuza umesema jambo lingine kabisa. Yule mtoto alikuwa sahihi kwa barabara, mimi nilikuwa sahihi kwa kitabu, na kosa langu lilikuwa kudhani hizo ni sahihi moja.

Waliosoma kozi ya mbinu za kufundishia hisabati watawakumbuka akina van Hiele, Pierre na mkewe Dina, walimu wa Uholanzi waliowasilisha tasnifu zao Utrecht mwaka 1957. Walieleza kwamba mtoto huanza kulitambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyoitambua sura ya mjomba wake. Hahesabu pande wala hapimi pembe. Pembetatu kwake ni ile picha ya kitabuni, iliyokaa vizuri kwenye kitako. Mraba ukiusimamisha kwenye ncha yake unakuwa kitu kingine. Kuhama kutoka kwenye sura kwenda kwenye sifa, yaani kusema "ni pembetatu kwa sababu ina pande tatu zilizonyooka na zimefunga", hakuji kwa umri peke yake, kunahitaji kazi ya mikono na maneno. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na nikapata alama nzuri tu. Darasani nililisahau ndani ya dakika tatu.

Kipindi kilichofuata niliingia na boksi la sabuni nililolikata pembetatu, kila upande sentimita 30. Sikuandika chochote ubaoni. Nililiinua ncha juu: "Dereva anasoma nini?" Tahadhari. Nikaligeuza mbele ya macho yao, polepole, mpaka ncha ikawa chini: "Sasa?" Apishe. "Nimekata kitu? Nimeongeza kitu?" Kimya. Kisha nikampa kijana mmoja rula na mwingine kipimapembe (vilikuwepo vinne tu darasa zima, na kimoja namba zake zimefutika) wapime kabla ya kugeuza na baada ya kugeuza. Pande 30, 30, 30. Pembe nyuzi 60, 60, 60. Tukagawa ubao mara mbili. Upande mmoja tukaandika "Kinachobadilika": ujumbe, mahali ncha inapotazama. Upande mwingine "Kisichobadilika": pande, pembe, jumla ya nyuzi 180.

Mgawanyo huo wa ubao ndio kitu cha maana zaidi nilichotoka nacho TP. Kila umbo tulilolishika baada ya hapo tulilipitisha humo. Na nikajifunza kutomwambia mtoto "umekosea" anaposema ni ya kupisha. Nilimwambia, "Sawa, hilo liende kushoto. Tupe na la kulia."

Duara nitalipita haraka, maana halikunisumbua. Tulichora alama za mwendo kwa kuzungushia penseli mfuniko wa ndoo juu ya boksi. Kipenyo sentimita 30, na uzi uliozungushwa pembeni ukatoka kati ya 93 na 95 kulingana na nani anavuta uzi. Gawa, unapata tatu na kitu. Watoto wakaona wenyewe ile 3.14 inatoka wapi, tukaandika 50 katikati, tukaendelea.

Pembenane ndiyo ilinipa raha. Alama ya kusimama ina umbo hilo, na kuna kisa chake. Mwaka 1923 huko Marekani maofisa wa barabara wa majimbo walikubaliana kwamba umbo lenyewe liseme ukubwa wa hatari: duara kwa njia panda ya reli, pembenane kwa kusimama, mraba uliosimama kwenye ncha kwa tahadhari, mstatili kwa maelezo. Sehemu kubwa ya mpango ule haikufika kwetu, kwani sisi tahadhari ni pembetatu, lakini pembenane ilisafiri dunia nzima. Faida yake ni kwamba hata vumbi likifuta maandishi, hata ukiwa nyuma ya alama, unajua ni ipi. Niliwauliza watoto alama ipi nyingine unaweza kuitambua ukiiona kwa nyuma tu. Ilichukua muda, kisha yule yule wa dawati la nyuma akainua mkono: "Ya kupisha. Ncha iko chini peke yake."

Kuikata pembenane kwa karatasi hakuhitaji kipimapeme wala bikari. Chukua karatasi ya mraba (tulitumia kurasa za madaftari yaliyokwisha), weka nukta katikati, halafu kunja nusu, kunja nusu tena, kisha kunja mshazari kuanzia kwenye nukta. Usipoweka nukta mapema nusu ya darasa itakata kona isiyo yake na utabaki na vipande vya karatasi sakafuni, nimeshayaona. Sasa una tabaka nane zinazokutana kwenye nukta. Pima sentimita 7 kutoka kwenye nukta kwa kila mkunjo, unganisha kwa rula, kata. Ukifungua, ndiyo hiyo.

Kwa nini imekuwa hivyo? Mzunguko wa kuizunguka nukta ni nyuzi 360, umegawanywa mara nane, kila pembetatu ina nyuzi 45 pale katikati. Zinabaki nyuzi 135 za kugawana pembe mbili zilizo sawa, 67 na nusu kila moja. Kwenye kila kona ya pembenane zinakutana mbili, kwa hiyo kona ina nyuzi 135. Darasa la Tano walifika huko wenyewe, kwa kelele nyingi.

Lakini hesabu nzuri zaidi ilitoka kwa waliokosea. Kijana mmoja alipima 7 kwenye mkunjo mmoja na 5 na nusu kwenye mwingine. Alipofungua akapata kitu chenye pande nane, na alipozipima zote zilikuwa sawa, lakini kila mtu aliona kwamba hiyo siyo alama ya kusimama. Imekaa kama nyota iliyonenepa. Alibisha: "Pande nane, zote sawa, Mwalimu ulisema!" Na kweli ndivyo nilivyosema. Tukachukua kipimapembe. Kona moja pana, inayofuata nyembamba, pana, nyembamba, mpaka mwisho. Hapo ndipo darasa lilipoelewa kwamba pande sawa hazitoshi, pembe nazo lazima ziwe sawa. Ningeandika sentensi hiyo ubaoni wangenakili na kuisahau. Mwingine alikata mstari uliosimama wima juu ya mkunjo mmoja, akafungua akapata mraba, akadhani karatasi imerogwa. Ukifundisha kipindi hiki, usiwakimbilie wanaokosea kukata. Wakusanye mbele.

Sasa nje. Shule niliyopangiwa iko kando ya barabara kuu ya lami, njia mbili, mabasi ya mikoani na malori yanapita mchana kutwa. Ilikuwapo alama ya kutahadharisha madereva kwamba kuna watoto, ile pembetatu nyekundu yenye watoto wawili ndani. Ilishagongwa kabla sijafika. Mlinzi aliiokota akaiegemeza kwenye mwarobaini ndani ya uzio, wasije wa vyuma chakavu wakaipitia. Aliiegemeza kichwa chini, nadhani kwa sababu ilikaa vizuri hivyo.

Nilipowapeleka pale, watoto walicheka. Kisha mmoja akasema, "Iandikwe kulia, bado ni pembetatu." Na kushoto? "Kushoto haisemi kitu. Gari haliioni."

Tuliipima. Hapa tukakutana na shida ambayo kitabu hakina: alama halisi haina ncha. Pembe zake zimeviringwa. Wengine walipima sehemu iliyonyooka tu wakapata 82, wengine wakaishia popote. Tukaiweka juu ya mchanga, tukachora mistari ya pande zake tukiirefusha mpaka ikakutana, na pale ikawa sentimita 90 kila upande. Kimo tulichopima kwa kamba kikawa 78. Eneo: 90 mara 78, gawa kwa mbili, sentimita za mraba 3,510. Mtoto akauliza kama tumedanganya kidogo, maana zile kona hazipo. Ndiyo, tumedanganya kidogo. Nilifurahi kwamba ameuliza, kwani kujua umekadiria wapi ni sehemu ya kupima.

Kutoka hapo swali la barabara halikukwepeka. Kama dereva haioni alama, mtoto anavukaje? Nilitaka tulipime. Sharti la kwanza, na naliandika kwa ajili ya yeyote atakayejaribu: hakuna mwanafunzi anayekanyaga lami kwa ajili ya somo. Upana wa barabara niliupima mimi na mwalimu mwenyeji Jumapili alfajiri, mmoja akipima mwingine akitazama. Mita 7. Jumatatu tukachora mita 7 hizo kwa majivu kwenye uwanja wa shule, ukingo mpaka ukingo, na watoto wakavuka hiyo "barabara" huku simu yangu ikihesabu sekunde. Tuliazima na watoto wa Darasa la Kwanza. Wakubwa walitumia sekunde 5 au 6 kwa mwendo wa kutembea, wadogo 7, na mmoja mwenye begi kubwa kuliko yeye alitumia 8. Tukakubaliana tutumie 7, kwa kuwa wadogo ndio tunaowahesabia.

Kisha ile duara yetu ya boksi yenye 50. Kilomita 50 kwa saa ni mita 50,000 kwa sekunde 3,600, karibu mita 14 kila sekunde. Niliwaambia wanyooshe kamba yetu ya mita 10, waongeze hatua ndefu, wapige makofi mara moja: gari limeshapita hapo. Uwanja ulinyamaza. Kwa sekunde 7 gari linakwenda mita 98. Mwendo wa 80 ni kama mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo mita 154.

Swali la mwisho likawa moja tu: kutoka wanapovukia mpaka kwenye kona ambako gari linaanza kuonekana, kuna mita ngapi? Tulipima kwa njia ya miguu iliyo ng'ambo ya mtaro, mbali na lami, walimu wawili wakiwa upande wa barabara. Kamba nane na mita nne. Mita 84.

Sikusema kitu. Kijana aliyekata nyota iliyonenepa ndiye aliyeandika mchangani 98 na chini yake 84, akatoa, akakaa chini akaiangalia ile 14. Ni kweli dereva anaweza kushika breki, na wengi wanashika. Lakini maana ya hesabu ile ni kwamba mtoto mdogo anaweza kutazama pande zote mbili kama alivyofundishwa, asione gari, aanze kuvuka akiwa hajakosea chochote, na gari likamkuta bado yuko katikati. Tumezoea kuwaambia watoto "tazameni kulia, tazameni kushoto". Pale mahali, kutazama hakutoshi. Umbali wenyewe ni mfupi.

Wao ndio waliopendekeza tutafute mahali pengine. Tukaenda na kamba upande wa pili wa geti mpaka tukapata mahali ambapo kona iko kamba kumi na sita, mita 160, na upande mwingine barabara imenyooka hadi macho yanachoka. Ni kurudi nyuma kidogo kwa wanaotokea sokoni, na watu hawapendi kurudi nyuma. Mwalimu mkuu alituita ofisini, akaiangalia ramani waliyoichora kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 10, akaweka kidole kwenye ile 8.4, akauliza mara mbili kama tuna uhakika. Siku iliyofuata mwalimu wa zamu alianza kusimama pale papya.

Barua ya kuomba alama irudishwe iliandikwa ikapelekwa ofisi inayohusika, ramani ya watoto ikiwa imeambatishwa. Mpaka naondoka majibu hayakuwa yamekuja, na alama ilikuwa bado kwenye mwarobaini. Mlinzi alikuwa ameigeuza, ncha juu. Watoto ndio waliomwomba.

Kwa wenzangu mnaokwenda TP muhula ujao, gharama ya haya yote haitagusa bumu: maboksi ya bure ya dukani, uzi, kamba ya katani, majivu ya jikoni. Kinachogharimu ni muda. Mhadhiri aliyekuja kunikagua alikuta siku ya karatasi za pembenane, akakaa nyuma pembeni ya yule msichana, na nilimwona akikunja ya kwake chini ya dawati. Kwenye fomu aliandika kwamba zana zinafaa, ushiriki ni mzuri, na kipindi kimezidi muda kwa dakika 12.